Nani Aliua? Istilahi za Riwaya ya Upelelezi na Vita vya 1914–1918 Kidodi

Katika miaka thelathini na ushei iliyopita imeenea sana Ulaya na Marekani aina moja ya riwaya ambayo wafasiri wetu nao wameanza kuitazama kwa hamu. Ni riwaya ya upelelezi ambayo matukio yake yamewekwa katika zama zilizopita, na ambayo nyuma ya maiti moja inayochunguzwa zimelala maiti malaki za vita vikuu. Mathalani, katika A Test of Wills (1996), kitabu kilichotolewa kwa jina la Charles Todd, ambalo ni jina la kalamu la mama na mwanawe wa Marekani, Inspekta Ian Rutledge anarudi kazini mwaka 1919 akiwa bado anaisikia sauti ya askari wake mwenyewe aliyeamuru apigwe risasi kwa kukataa amri vitani mwaka 1916. Jacqueline Winspear, katika Maisie Dobbs (2003), amemfanya mpelelezi wake kuwa mwanamke aliyekuwa muuguzi wa majeruhi katika vita hivyo hivyo. Philip Kerr naye alianza mfululizo wake mwaka 1989 kwa March Violets, ambamo Berlin ya 1936 inaelekea katika vita vya pili huku mpelelezi akitafuta wezi na wauaji wa kawaida.

Mfasiri anayekabiliwa na kitabu cha namna hii hudhani kwamba taabu yake itakuwa majina ya bunduki na vyeo vya jeshi. Sivyo. Majina ya bunduki hupatikana. Yanayomkwamisha ni maneno anayoamini kuwa anayajua tangu utotoni: kivuli, mpelelezi, kuua.

Tuanze na lile jepesi. Wachapishaji wa nje hupenda kusema kwamba riwaya hizi zimetokea katika "kivuli" cha vita. Katika lugha za nchi za baridi kivuli ni kiza na huzuni, kwa kuwa jua kwao ni adimu. Kwetu kivuli ni mahali anapopumzika msafiri aliyechoka. Anayesema kwamba wanakijiji waliishi katika kivuli cha vita amewatandikia mkeka chini ya mwembe. Kweli, kivuli kwetu pia ni mzuka wa mtu aliyekufa, na maana hiyo ingeweza kufaa katika riwaya moja moja. Lakini kama istilahi ya jumla haifai. Sisi tunapendekeza kusema waziwazi: riwaya ya upelelezi ya wakati wa vita, au ya baada ya vita, kwa kadiri ya hadithi yenyewe.

Ili kuyapima maneno yale mawili yaliyobaki, tumeona ni heri kuyapeleka mahali penye vita vya kweli na wasemaji wa Kiswahili, badala ya kuyajadili angani. Tumechagua Kidodi.

Kidodi iko kusini mwa Wilaya ya Kilosa, chini ya milima ya Wavidunda, karibu na mto Ruaha Mkuu. Msafiri wa leo anaijua kwa mashamba ya miwa yaliyoizunguka na kwa njia ya kwenda Kidatu na Ifakara. Mwaka 1916 ilijulikana kwa sababu nyingine: ilikuwa juu ya njia ya kutoka reli ya kati, kule Kilosa, kwenda Mahenge. Waingereza waliitwaa Kilosa Agosti 22, 1916, na Morogoro siku nne baadaye. Vikosi vya Wadachi vilivyokuwa chini ya Meja Kraut vilirudi nyuma kuelekea kusini, na majeshi ya Jenerali Van Deventer yakavifuata katika njia hiyo hadi Kidodi, ambako yalifika mwezi wa Septemba. Mahenge yenyewe haikuanguka mpaka Oktoba 9, 1917, na walioingia huko walikuwa Wabelgiji na askari wao wa Kongo.

(Hapa tumuonye mfasiri wa habari za kijeshi. Kati ya Kilosa na Kidodi kuna mahali panapoitwa Ulaya, na taarifa za Waingereza zinapataja kwa tahajia yao ya ajabu. Ukisoma kwamba mwishoni mwa Agosti 1916 Wadachi walifukuzwa Ulaya, usishangilie mapema. Vita kule Ulaya ya ng'ambo viliendelea miaka miwili zaidi.)

Sasa, katika Kidodi ya mwezi ule, mpelelezi alikuwa nani? Hakuwa mtu wa polisi. Kitenzi kupeleleza kina maana ya kuchungulia, kutafuta habari kwa siri, na mpelelezi katika maandishi ya zamani ni yule anayetangulizwa kwenda kutazama nchi ya adui na kurudi na habari. Waliofasiri Biblia walilitumia neno hili kwa watu waliotumwa na Musa kwenda Kanaani, na msomaji hakupata shida kulielewa. Mpelelezi wa 1916 ni mtu huyo huyo: mwenyeji anayejua vivuko vya Ruaha, au mwindaji kama Pieter Pretorius, ambaye mwaka 1915 aliwasaidia Waingereza kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika mikono ya Rufiji. Waingereza walimwita skauti, neno ambalo leo kwetu limebaki kwa watoto wenye skafu shingoni.

Aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza "nani kafanya hivi?" alikuwa mwingine kabisa. Kabla ya vita alikuwa jumbe, kisha akida, kisha bwana mkubwa wa boma. Wakati wa vita alikuwa ofisa yeyote aliyekuwa na askari karibu naye. Kuuliza kwake kulikuwa shauri, na aghalabu kiboko kilikuwa karibu. Mfasiri akimwandika mtu wa namna hii kuwa "mpelelezi anayehoji mashahidi", amehamisha ofisi nzima ya miaka ya baadaye na kuiweka kando ya Ruaha. Msomaji atasoma bila kujikwaa, lakini hatajua kwamba katika chumba kile aliyeulizwa hakuwa na haki ya kunyamaza, wala aliyeuliza hakuwa na wajibu wa kuthibitisha.

Polisi wa upelelezi walipokuja, watu wa pwani na bara walimpa mtu huyo jina zuri kuliko yote yaliyopata kubuniwa na kamati: askari kanzu. Jina hilo limeona jambo lenyewe, yaani askari aliyevua sare na kuvaa kama watu. Mpelelezi wa vita aliitwa kwa kazi yake; mpelelezi wa mjini aliitwa kwa vazi lake. Baadaye kachero akaingia magazetini, na jasusi, neno lenye asili ya Kiarabu, likazidi kuelemea upande wa anayeitumikia dola dhidi ya dola nyingine. Ni makosa, kwa hiyo, kuyaweka maneno haya manne katika orodha kama visawe na kumwachia mfasiri achague kwa sikio.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1916, wakati wapelelezi wa Kidodi walipokuwa wakichungulia mto, mwanamke mmoja wa Kiingereza aliyefanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay alikuwa akiandika riwaya yake ya kwanza. Agatha Christie alijua sumu kwa sababu ya kazi yake, na alijua wakimbizi wa Kibelgiji kwa sababu walikuwa wamefika mjini kwao. Akamfanya mpelelezi wake, Hercule Poirot, kuwa polisi mstaafu wa Ubelgiji aliyekimbia vita. Kitabu hicho, The Mysterious Affair at Styles, kilitoka mwaka 1920. Yeye lakini hakuandika riwaya ya kihistoria. Aliandika habari za siku zake. Arthur Conan Doyle pia alifanya hivyo mwaka 1917 alipomtoa Sherlock Holmes katika ustaafu ili amkamate jasusi wa Kijerumani katika mkesha wa vita. Tofauti hii mfasiri aishike: Christie na Doyle walitumia maneno ya wakati wao bila kufikiri, lakini Todd na Winspear walilazimika kuyatafuta, na mfasiri wao hana budi kuyatafuta vilevile.

Katika Kiswahili riwaya ya upelelezi ilianza kwa nguvu na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammad Said Abdulla. Bwana Msa wake hana cheo wala sare. Ana kiko chake, rafiki yake Najum, na akili. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, upelelezi uliingia kituo cha polisi. Na Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), akamfanya Willy Gamba kuwa mtu wa dola katika zama za mapambano ya ukombozi kusini mwa Afrika. Tukiutazama mwendo huu kwa jicho la istilahi, tunaona kwamba neno mpelelezi limezunguka: lilitoka vitani, likaingia nyumbani kwa Bwana Msa, likavaa ukanda wa polisi, kisha likarudi vitani tena. Mfasiri anayelitumia leo analitumia likiwa na tabaka hizo zote.

Lakini waandishi wetu hao mashuhuri hawakuwapeleka wapelelezi wao katika vita vya 1914–1918. Vita katika fasihi yetu vilikaa zaidi katika utenzi. Hemed bin Abdallah alitunga juu ya Wadachi kutamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, na Shaaban Robert juu ya vita vya 1939–1945. Utenzi hauulizi nani aliua. Utenzi unajua tangu beti za mwanzo, na kazi yake ni kusifu, kuomboleza na kuhifadhi. Hivyo mfasiri wa riwaya hizi mpya anakuta hazina kubwa ya maneno ya mapigano, na uhaba wa maneno ya shaka.

Maneno ya mapigano na ya maisha ya wakati ule tuyapitie kwa haraka. Vyeo vya askari weusi katika jeshi la Wadachi vilikuwa vya Kituruki na Kiarabu, vilivyoletwa na askari waliotoka Sudani na Misri: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Kumwita ombasha "koplo" katika hadithi ya 1916 ni kumhamisha jeshi. Askari wa upande wa Waingereza alikuwa keya. Adui aliitwa Mdachi kabla ya kuzoeleka kuitwa Mjerumani. Na vita vyenyewe visiitwe "vya kwanza" na mtu yeyote anayesema mwaka 1916, kwani hakuna anayehesabu kimoja mpaka aone cha pili. Vilikuwa vita vya Mdachi na Mwingereza, basi.

Taabu kubwa ni kuua. Riwaya ya upelelezi yenye vita nyuma yake inasimama juu ya swali moja: kwa nini kifo hiki kichunguzwe, na vile maelfu visichunguzwe? Rutledge anamtafuta aliyemwua mtu mmoja kijijini, naye mwenyewe amewaua wengi kwa amri na mmoja kwa amri yake. Lugha ya asili ina maneno mawili yaliyo mbali, moja la kuua tu na jingine la kuua kwa jinai, na mwandishi hucheza baina yake. Kiswahili kina kitenzi kimoja. Askari aliyemlenga mwenzake ng'ambo ya Ruaha ameua. Mume aliyemtilia mkewe sumu ameua. Sheria zetu zikaongeza maneno ili zitenganishe: kuua kwa kukusudia, na kuua bila ya kukusudia. Wafasiri wengi hukimbilia hapo. Nyongeza hiyo inafaa mahakamani, lakini katika riwaya ya vita inavunja hoja yote, kwa maana askari naye aliua kwa kukusudia. Alishika shabaha, akavuta pumzi, akakusudia.

Tukichunguza usemi wa watu tunaona kwamba Kiswahili hakikosi tofauti hiyo, ila kimeiweka mahali pengine. Kimeiweka katika nomino. Kitenzi kuua hakina lawama kikiwa peke yake, bali muuaji ni neno la lawama tupu. Mzee wa Kidodi angeweza kusema kwamba mjomba wake aliua watu vitani, na asingemwita muuaji. Kwa hiyo mfasiri autumie uhaba huo kama mali: pale mwandishi anapotaka shaka, abaki na kitenzi, pale anapotaka hukumu, aende kwenye nomino, au aseme kuua kwa dhuluma. Na pale Rutledge anapojiuliza usiku yeye ni nani, Kiswahili kinaweza kufanya kile ambacho lugha ya asili inakifanya kwa shida: kumtoa mtu kutoka aliyeua hadi muuaji kwa hatua moja ya sarufi.

Kuna kifo kingine ambacho hata kitenzi hicho hakikifikii. Katika njia ya Kilosa hadi Kidodi mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, na mizigo ikawa juu ya vichwa vya watu. Watu hao ndio waliotuachia jina Kariakoo Dar es Salaam, na Kariokor Nairobi, yote mawili yakitokana na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hesabu rasmi za Waingereza zinawaweka wapagazi wao waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki karibu na laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa wala si kwa risasi. Mpagazi wa namna hiyo hakuuawa; alikufa. Alifia njiani. Kitenzi kufa hakina mtendaji, na riwaya ya upelelezi haiwezi kuanza bila mtendaji. Lakini tunacho kufisha, yaani kusababisha kufa, kitenzi ambacho tumekiachia vitabu vya dini na ushairi. Mwandishi atakayeuliza nani aliwafisha wapagazi wa njia ya Mahenge atakuwa ameuliza swali la upelelezi kwa Kiswahili sahihi, na hatahitaji maiti yenye kisu mgongoni.

Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, waliofia huduma ya Waingereza katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina sura ya mtu, haina jina la mtu. Kulitafuta jina moja katika madaftari ni upelelezi halisi.

Mfano wa kazi hiyo tunao, na unatuhusu sisi watu wa lugha kuliko wengine. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudani, akaingia vitani upande wa Wadachi akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakuipata. Akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko, akacheza katika sinema, na mwaka 1941 akakamatwa na Wanazi kwa kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Mtaalamu Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyeyakusanya maisha haya kutoka katika majalada na kuyatoa kitabuni mwaka 2007. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), ametunga kisa kinachofanana nacho: kijana anafika Ujerumani na kuyafuata majalada ili ajue mjomba wake aliyekwenda vitani aliishia wapi. Hakuna inspekta katika sura hizo, lakini mfasiri wake atahitaji kila neno tulilolijadili hapa.

Atahitaji pia uangalifu wa kutenganisha ushahidi, ambao kwetu ni maneno ya shahidi kabla ya kuwa kitu kingine, na kielelezo, ambacho ndicho kitu kinachowekwa mbele ya hakimu, na kidokezo, ambacho bado hakijathibitisha lolote. Mateka wa vita asichanganywe na mahabusu. Mshukiwa anatiliwa shaka, mtuhumiwa ametajwa, mshtakiwa amefikishwa mbele ya sheria. Katika Kidodi ya 1916 mtu aliweza kupita kutoka la kwanza hadi kitanzi bila kugusa la mwisho, na mfasiri asimwongezee hatua ambayo hakuipitia.

Na fedha. Mwaka 1916 Wadachi, wakiwa wamezingirwa, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora, za hela 20, zikiwa na mwaka huo na herufi T chini yake. Shilingi haikuja mpaka miaka ya 1920. Tuseme mwandishi amemlaza maiti kando ya Ruaha, hana jina wala sare, na katika pindo la shuka yake imefungwa sarafu moja ya namna hiyo. Kwa sarafu hiyo mchunguzi atajua mtu huyu hakutoka pwani kabla ya vita, na pengine alilipwa na nani. Mfasiri akiona hela 20 ni neno gumu kwa wasomaji wa leo, akaandika senti ishirini, basi maiti yule hana kwao tena.